Tunaosaidia vijana wa kidato cha sita na insha za vyuo vya nje, tuache kuwaandikia

#1 Mwalimu wa Zamu

Wakuu salaam. Wakubwa shikamooni.

Nafundisha Kiingereza kidato cha tano na sita huku Masasi. Huu ni msimu wa nne nasaidia vijana wanaoomba vyuo vya Marekani, pamoja na vile vichache vya Afrika vyenye ufadhili kama Ashesi ya Ghana. Hakuna anayenilipa. Tunakaa jioni wakati wa prepo: simu yangu, bando langu, daftari lake.

Kilichonileta hapa ni hiki. Wiki iliyopita nimeletewa insha mbili na vijana wawili wasiojuana, mmoja wa Newala, mwingine wa Mtwara mjini. Aya ya kwanza ni ileile, neno kwa neno. "Tangu nikiwa mtoto mdogo nilimwona mama yangu akihangaika juani ili nipate elimu." Mama wa huyu wa mjini ni mhasibu. Anahangaika juani na nini sijui, labda anatafuta pa kuegesha gari.

Wote wawili walilipia. Kuna mtu anaandika hizi insha kwa elfu thelathini. Simtaji, wala sitaji mtaa wake, maana yeye ni mmoja tu katika wengi, na hata sisi walimu tunafanya hayohayo bila kulipwa.

Kwa wasiojua hili jambo linavyokwenda: vyuo vya kwetu vinataka matokeo na tahasusi yako. Pointi zikitosha umepita, hakuna anayekuuliza wewe ni mtu wa namna gani. Kule wanauliza. Fomu kubwa inaitwa Common App, inatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000. Ina insha kuu isiyopungua maneno 250 wala kuzidi 650. Maswali yako saba, unachagua moja, na la mwisho linakuruhusu uandike chochote unachotaka. Baada ya hapo vyuo vingi vina maswali yao mafupi. Halafu kuna orodha ya shughuli zako nje ya darasa, kumi tu, na kila moja unaieleza kwa herufi 150. Herufi, sio maneno. Kuomba mapema mwisho ni Novemba mosi hivi, wengine wote ni mwanzoni mwa Januari. Yaani kijana wetu anaandika hiyo insha katikati ya moko, mtihani wa Mei unamkodolea macho. Wengi hungoja wamalize, watoke JKT, ndipo waombe.

Sasa nieleze la kijana mmoja wa mwaka huu. Nitamwita Saidi, sio jina lake. Rasimu ya kwanza alitaka kuwa mchumi ili aisaidie jamii yake na kuinua taifa. Maneno ya kamusi yamejaa mpaka mimi mwenyewe mawili nilikwenda kuyatafuta. Nikaifunika ile karatasi. Nikamuuliza, likizo ya mwisho ulikuwa unafanya nini nyumbani? Akasema, hakuna, nilikuwa nasoma karatasi za babu.

Karatasi gani?

Ikawa kama kufungua bomba. Babu yake ana mikorosho huko juu uwandani Newala, hajui kusoma. Kila msimu akipeleka korosho kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, anapewa stakabadhi, na stakabadhi zote anaziweka kwenye kopo la Kimbo. Tangu Saidi yuko darasa la tano, mwaka 2018, ule msimu jeshi lilipobeba korosho na bei ikatangazwa 3,300 kwa kilo, yeye ndiye anayesoma yaliyomo kwenye lile kopo. Kilo ngapi, daraja gani, makato yapi, kimeingia nini benki. Alipokuwa kidato cha pili akajumlisha stakabadhi tatu, akaona kilo 64 hazionekani popote. Wakaenda chamani na babu yake. Karani akamwambia, wewe mtoto mpishe mkubwa aongee. Babu akasema, "Huyu ndiye macho yangu."

Nilimuuliza, kilo zilirudi? Akasema zilirudi 40. Ndiyo maana hakuona kama ni habari ya kuandika, kwa kuwa hakushinda.

Subirini, kuna zaidi. Baada ya siku ile wazee wengine wa kitongoji wakaanza kumletea makopo yao. Anawasomea wazee saba. Kwenye ile orodha ya shughuli kumi alikuwa amejaza "Mwenyekiti wa klabu ya mazingira", klabu ambayo naijua mimi, ilikutana mara moja tukapanda miche, mbuzi wakala. Wale wazee saba hakuwaandika kabisa. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Mwalimu, ile sio klabu."

Hapo ndipo ilipo kazi yetu, kuuliza mpaka kopo lifunguke, halafu kunyamaza. Karibuni mchangie.

#2 Korosho Ghafi

Natia nanga hapa. "Huyu ndiye macho yangu" imenipata mahali pabaya, niko kwenye daladala.

#3 Bwana Mnada

Mwalimu heshima yako, ila unawachelewesha watoto wa watu. Hawa jamaa wana pesa na wana huruma. Wewe mtoto wa Nanyumbu ukiandika umekula vizuri na ulikuwa na babu mwenye shamba, nani akupe ufadhili? Andika njaa. Andika ulisoma kwa koroboi. Andika baba alikufa. Kusini kwetu tumetupwa miaka yote, gesi imetoka Msimbati ikapita kwenye bomba kwenda Dar tukiitazama, angalau hiyo dhiki ituletee faida moja.

Mimi mdogo wangu nilimwambia aandike hivyohivyo.

#4 Mwalimu wa Zamu

Bwana Mnada, mdogo wako alipata?

Siulizi kwa kejeli. Nauliza kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilifikiri kama wewe.

Mambo mawili. La kwanza, umaskini wa familia unajazwa kwenye fomu nyingine kabisa. Vyuo vingi vinatumia ile inayoitwa CSS Profile: mshahara wa mzazi, shamba, nyumba, idadi ya wanaosoma, kila kitu. Ofisi ya fedha ndiyo inayoisoma. Na kuna vyuo vichache, Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimo, ambavyo hata kwa mtu wa nje haviangalii uwezo wa kulipa wakati wa kumchagua. Kwa hiyo ukitumia maneno 650 kuthibitisha kwamba huna hela, umeyatumia kusema jambo ambalo limeshajazwa kwa tarakimu mahali pengine.

La pili, njaa haina jina la mtu. Ukiandika "tulilala njaa", anaweza kuwa mtoto wa Liwale au wa popote duniani. Ukiandika kwamba mwezi wa pili, ghala likiisha, mama alikuwa anachemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, halafu anaipanga kwenye sahani kwa kuhesabu, na wewe ulikuwa unajua hesabu ya sahani yake ilikuwa pungufu lakini hukusema, hapo sasa nakuona. Njaa imo humohumo. Sijasema waifiche. Nasema msomaji amuone kijana kwanza, dhiki ataikuta mwenyewe.

#5 Bwana Mnada

Hakupata.

Ila ming'oko umenitamanisha, nipo Dar huku.

#6 Mzee wa Ligula

Mwalimu, mimi ni mzazi, nina binti anamaliza Mei. Naomba kuelimishwa. Huyu wangu anatumia ChatGPT, insha inatoka safi kabisa, Kiingereza hakina doa. Nikisoma naona fahari. Kuna ubaya gani? Sisi tulikuwa tunaandikiwa barua na makarani wa posta.

#7 Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mzee.

Ubaya wa kwanza ni wa kisheria. Masharti ya Common App yanahesabu kazi iliyotungwa na akili bandia ukaitoa kama yako kuwa ni udanganyifu, sawa na kunakili ya mtu. Kijana anatia saini kwamba kazi ni yake.

Wa pili nitausema kwa kujitia aibu mwenyewe, maana mimi nilikuwa hiyo mashine kabla haijaja. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na binti mmoja mwenye akili sana. Alileta insha, Kiingereza kinapinda hapa na pale. Nikasahihisha. Akaleta tena, nikasahihisha tena. Kufika rasimu ya tano ilikuwa insha yangu, nzuri kwelikweli, nilimsomea hadi mke wangu. Chuo kimoja kikampa usaili kwa video na mtu aliyesoma hapo zamani. Yule mama akamuuliza kwa upole tu, hii sentensi hapa ulikuwa na maana gani? Binti akanyamaza. Aliponisimulia alikuwa anacheka lakini macho hayacheki. Hakupata. Siwezi kusema ni kwa sababu ya hilo, lakini kile kimya nilikitengeneza mimi.

Mzee, mwombe binti akusimulie kwa mdomo, kwa Kiswahili, habari ileile ya kwenye insha. Akikwama, insha sio yake.

#8 Mzee wa Ligula

Marahaba. Nimemuuliza sasa hivi mezani. Amekwama sentensi ya pili, akasema "baba acha nile."

#9 Mjusi wa Tendaguru

Habari za jioni. Mimi ni mwanafunzi, PCM, natokea Lindi vijijini. Nataka kusoma jiolojia. Insha yangu inahusu mifupa ya Tendaguru, ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria. Nimeeleza Wajerumani walivyochimba kuanzia 1909 hadi 1913, walivyoisafirisha Berlin, na kwamba lile kubwa lililosimamishwa kwenye jumba lao la makumbusho lina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na sisi wenye mali hatujaliona. Nimemaliza kwa kudai irudishwe. Maneno 648. Naomba maoni ya wakuu.

#10 Kijana wa Chuno

Dogo, mada ni nzuri mno, ila ulichoandika hapo ni ripoti. Mimi nipo mwaka wa pili chuo kimoja huku Marekani, nilitokea Mtwara mjini. Hayo yote msomaji anayapata Google kwa dakika mbili. Wewe uko wapi humo ndani?

#11 Mjusi wa Tendaguru

Mimi si ndiye ninayedai irudishwe?

#12 Mwalimu wa Zamu

Mdogo wangu, nakuuliza maswali matatu, usinijibu kwa Kiingereza wala kwa insha. Ulisikia habari za mjusi kwa mara ya kwanza kutoka kwa nani? Umewahi kufika pale? Kuna kitu chochote ulichokiokota au ulichokishika kwa mkono wako?

#13 Mjusi wa Tendaguru

Kwa bibi. Alisema baba yake alikuwa hamali, alibeba kichwani mpaka Lindi bandarini, hakuambiwa amebeba nini, walijua ni mawe. Bibi alisema baba yake mpaka anakufa alikuwa anasema "yale mawe ya Mjerumani".

Pale nimefika mara moja kwa baiskeli na binamu yangu. Hakuna kitu, ni pori. Binamu alisema tumepoteza siku. Mimi niliokota jiwe, nikalilamba kwa sababu nilisoma kwamba mfupa wa kale unanata kwenye ulimi na jiwe la kawaida halinati.

Halikunata.

#14 Korosho Ghafi

Jamani.

#15 Kijana wa Chuno

HALIKUNATA. Dogo, hiyo ndiyo insha. Futa yale mengine yote uanzie porini na jiwe mdomoni.

#16 Mwalimu wa Zamu

Kijana wa Chuno ana haki ila asifute yote. Berlin abaki nayo, mstari mmoja au miwili, kwa sababu bila Berlin hatuelewi ni kwa nini mtu alambe jiwe. Na yule babu wa "mawe ya Mjerumani" ndiye mzigo wa insha nzima. Mtu amebeba mfupa akadhani ni jiwe. Mjukuu wa binti yake anaokota jiwe akitamani liwe mfupa. Sitasema zaidi, maana nikiendelea nitaanza kukuandikia, na ndicho nilichokuja kukikataza.

Na kudai irudishwe usiiache moyoni. Ila kama utaidai, idai kama mtu aliyefika pale kwa baiskeli.

#17 Kivuli cha Mwembe

Nimefuatilia uzi kimya. Mimi nina kibanda cha kuchapa na kudurufu, sio huyo aliyesemwa juu, ila biashara ni moja. Niwaambie ukweli wa upande wetu. Mtoto anakuja saa kumi na mbili jioni, mwisho ni usiku ule, hajaandika hata neno, amepewa hela na mjomba. Unamfukuza? Unafungua faili la mwaka jana unabadilisha jina na wilaya. Ukimwambia akae afikirie anakwenda kwa jirani. Nyie walimu mngewaambia mapema sisi tusingepata hao wateja.

#18 Mwalimu wa Zamu

Kivuli, nashukuru umeongea wazi, na sina jibu la kukushinda. Shule nyingi hata hawaambiwi kwamba hiki kitu kipo. Mimi mwenyewe nilikijua kwa bahati, kupitia mwanafunzi aliyekwenda ubalozi wa Marekani Dar, kuna dawati la EducationUSA pale, ushauri wao ni bure. Fikiria kutoka huku mpaka Dar kwenda kuuliza swali.

Ombi moja tu. Akija usiku huo, usifungue faili. Mpe daftari, mwambie aandike kurasa mbili kuhusu kitu kimoja alichofanya mwezi huu, umchapie hicho, umtoze ileile elfu thelathini ukitaka. Itakuwa mbovu lakini itakuwa yake.

#19 Kivuli cha Mwembe

Elfu thelathini kwa kuchapa kurasa mbili watanipiga mawe. Ila nimekuelewa.

#20 Kijana wa Chuno

Niongeze uzoefu wangu kidogo, nipo kwenye mapumziko.

Mimi niliomba vyuo tisa nikapata kimoja. Watu husikia habari za aliyepata, vile vinane hawavisikii. Niliandika kuhusu kumsaidia mjomba kuosha samaki pale feri, jinsi unavyojua samaki wa jana kwa kumtazama jicho. Mjomba aliniambia kuna wateja hawajui kutazama jicho, na kila siku ilibidi niamue kama nitawaambia. Ndiyo insha nzima. Hakuna kufaulu, hakuna kulia.

Usiku wa kutuma, umeme ulikatika Mtwara nzima. Simu ina asilimia 11. Nilikwenda kituo cha mafuta chenye jenereta, nikamwomba mlinzi nichaji. Mlinzi akataka kujua ni nini cha haraka hivyo, nikamsomea insha kwa Kiswahili nikitafsiri papo kwa papo. Nilipofika kwenye jicho la samaki akasema, "Mimi huwa wananiuzia wa jana kumbe." Nikatuma.

Yale maswali ya "kwa nini chuo chetu" ndiyo yanayowaangusha wengi. Niliwahi kumsomea rafiki yangu mmoja, aliandika chuo kina mandhari nzuri na walimu bora. Akakosea hata kubadilisha jina la chuo, akawasifia jirani zao. Usisifie. Ingia kwenye tovuti yao, tafuta kozi mbili au mwalimu mmoja anayefanya kitu unachokitaka kweli, useme utafanya nini nacho. Na kama hukipati kitu, labda hicho chuo sio chako, okoa bando.

Ada ya maombi vyuo vingi husamehe ukiomba. Msiuze mbuzi kabla ya kuuliza.

#21 Bwana Mnada

Mkapa wa Lupaso alipita Makerere akaenda Columbia kule New York. Kutoka Masasi hiihii. Sijui yeye aliandika nini.

#22 Korosho Ghafi

Labda aliandika njaa mkuu.

#23 Mwali wa Newala

Shikamoo mwalimu, shikamooni wote. Samahani naingilia. Niko kidato cha sita HGL. Nataka kuandika kuhusu unyago. Nilichezwa nilipomaliza darasa la saba. Ndicho kitu kikubwa kilichonipata na nimeona wengi wanakisema vibaya, wanasema kinaharibu watoto wa shule, na wengine wanakisema vizuri kupita kiasi kama ngoma ya watalii. Lakini somo wangu alisema ya ndani hayatoki nje. Nikiandika nitakuwa nimevunja. Nisipoandika naona sina kingine. Nifanyeje?

#24 Mwalimu wa Zamu

Marahaba binti. Hili nakiri liko juu ya uwezo wangu, mimi ni mwanaume na sikupaswa hata kuuliza. Akinamama mlioko humu, msaidieni.

#25 Nyakanga Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri, na kwa kuuliza tu nimejua ulifundwa ukafundika.

Ya ndani yabaki ndani. Hakuna chuo cha kukulipa uyatoe, na ukiyatoa wao hawatayaelewa, watayaona kama sinema. Lakini mwanangu, unyago una mlango. Mlangoni pana mambo mengi yasiyokuwa na mwiko. Siku ya kutoka ulifunikwa khanga gani, ya nani, imeandikwa nini? Nani aliyelia, mama yako au shangazi? Uliporudi na wenzako, wale uliokuwa unacheza nao rede walikuitaje? Ulipoanza kidato cha kwanza kuna aliyekucheka? Kuna mwalimu aliyewahi kukusema darasani? Ulinyamaza au ulijibu? Hayo ni yako, sio ya kungwi wala ya ukoo.

Na ukimaliza, msomee somo wako. Sio kwa kumwomba ruhusa tu. Atakukumbusha uliyosahau.

#26 Mwalimu wa Zamu

Mama, nakopi hii naibandika ofisini.

Niseme tu moja la kiufundi. Binti, rekodi kwanza kwa Kiswahili kwenye simu, au hata Kimakonde kama ndivyo inavyokuja. Usiandike. Ongea kama unamsimulia dada yako. Halafu sikiliza, na pale sauti yako ilipopanda au iliposhuka, andika hapo tu. Kiingereza kitafuata, na kikipinda kidogo tutakinyoosha, hatutakibadilisha. Vijana wengi wanatunga moja kwa moja kwa Kiingereza, na Kiingereza chetu cha shule kinajua mambo matatu: kueleza faida, kueleza hasara, na kuhitimisha. Kwa hiyo kila habari inageuka kuwa faida na hasara.

#27 Mjusi wa Tendaguru

Nimeandika upya. Maneno 530. Nimebakiza Berlin mistari miwili. Bibi ameomba nimsomee nikafika kwa baba yake akasema jina nimekosea, sio Issa ni Isa bin mtu fulani, akaanza kunitajia ukoo mpaka saa nne usiku. Sasa nina mambo mengi kuliko nafasi.

#28 Kijana wa Chuno

Hilo ndilo tatizo unalotakiwa kuwa nalo.

#29 Korosho Ghafi

Mwalimu, yule Saidi wa kopo la Kimbo alipata?

#30 Mwalimu wa Zamu

Bado mkuu. Anatuma Januari, majibu ya wengi hutoka mwisho wa Machi. Kwa sasa yuko nyumbani, mnada unaendelea, na nimeambiwa makopo yamefika tisa.

#31 Mwali wa Newala

Shikamooni. Nimerekodi kama mlivyosema, dakika 23. Halafu nimeandika mwanzo. Naweka hapa kwa Kiswahili kwanza, naomba mseme ukweli.

"Utamaduni ni nguzo muhimu ya jamii yoyote ile duniani. Kabila langu la Wamakonde lina mila na desturi nyingi nzuri. Wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza, mwalimu aliuliza ni nani kati yetu ameshachezwa, anyooshe mkono. Tulikuwa wasichana kumi na wanne. Nilijua wanane kati yetu tulikuwa pamoja Desemba ile, chini ya khanga moja nyekundu ya shangazi yangu, kwa sababu mvua ilitukuta njiani. Hakuna aliyenyoosha. Mwalimu akasema vizuri, hapa hamna washamba. Mimi nilikuwa nimekalia mkono wangu."

#32 Nyakanga Mstaafu

Mwanangu.

Ngoja nitafute miwani nisome tena.

#33 Mwalimu wa Zamu

Futa sentensi mbili za mwanzo. Anzia "Wiki ya kwanza". Mengine usiyaguse, wala usimpe mtu yeyote ayaguse, hata mimi.

#34 Mwali wa Newala

Nimefuta. Nimemsomea somo wangu kwa simu jioni hii, amesikiliza yote bila kusema neno. Mwisho akasema kuna kosa moja tu. Khanga ilikuwa ya kijani.